Tatuu, Chale na Magenge: Alama ya Mwilini Yaweza Kutuambia Nini?

Katika mikutano inayofuata kazi za umuganda kuna swali moja linalorudi mara kwa mara. Huulizwa na wazazi, na walinzi wa irondo, na hata na wenye maduka ya barabara iendayo mpakani: je, kijana mwenye tatuu ni mtu wa genge? Anayeuliza hutaka jibu la neno moja. Tungeweza kumjibu "hapana" na tukawa tumesema kweli. Lakini kesho yake angefungua simu, akaona picha ya mfungwa wa Amerika ya Kati aliyechorwa uso mzima, akarudi kwenye hofu yake ileile. Ni afadhali basi tueleze jambo hili tangu shina lake, kwani ziko nchi ambako tatuu ni maandishi ya magenge kwelikweli, na anayelijua hilo nusu nusu huweza kumdhuru mtu asiye na kosa.

Gisenyi ni mji wa mpakani. Kabla ya UVIKO-19, mpaka mdogo, yaani Petite Barrière, ulivukwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku: wachuuzi wa nyanya, mafundi, wanafunzi, wagonjwa waendao hospitali, wanamuziki wa Goma na wacheza mpira. Katika umati wa namna hiyo hukosi mkono ulioandikwa jina la mama, shingo yenye msalaba, au kifua chenye makovu yaliyopangwa kwa safu. Alama hizo hazina asili moja, na kuziita zote kwa jina moja ndiko kunakoanzisha fitina.

Kwa hiyo tutenganishe maneno. Tatuu, ambayo wengi wetu huiita tatuwaje kwa mazoea ya Kifaransa, ni wino uliotiwa kwa sindano chini ya tabaka la juu la ngozi. Haitoki kwa sabuni, wala miaka haiifuti. Hina na piko wanazojipamba mabibi harusi wetu wa Majengo si tatuu. Hukaa juu ya ngozi, na baada ya wiki kadhaa hupotea zenyewe. Chale ni jambo la tatu: ni mkato wa wembe, mara nyingi unaopakwa dawa, unaoacha kovu. Kinyarwanda huziita indasago. Wengi wetu tuliochanjwa tungali wachanga, kwa homa au kwa maumivu ya mbavu, tunazo hadi leo, na hata neno "chanjo" la zahanati limetokana na kitenzi hichohicho cha kuchanja. Wazee wa Kimakonde, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, walichanjwa nembo nyusoni, na nembo hizo zilitangaza utu uzima na jamaa ya mtu. Wanawake Wakristo wa Tigray na Amhara nchini Ethiopia huchora msalaba kwenye paji la uso. Mlinzi wa usiku asiyelijua hili anaweza kukutana na bibi mcha Mungu akamdhania mfuasi wa kikundi cha siri.

Sasa tuje kwenye uhalifu. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba, katika nchi kadhaa, aliyeanza kumtia mhalifu alama alikuwa mtawala mwenyewe. Nchini Japani, katika karne ya 18, mwizi aliyehukumiwa aliweza kuchorwa mistari mkononi au alama kwenye paji la uso, ili ajulikane kila aendako, na kila jimbo lilikuwa na mchoro wake. Urusi ya wafalme iliwapiga chapa usoni wahalifu waliopelekwa kufanya kazi ngumu Siberia, hadi desturi hiyo ilipokomeshwa mwaka 1863. Nia ilikuwa kuwaaibisha. Matokeo yake yalikuwa mengine. Aliyepigwa chapa hakupewa kazi, hakuozwa mke, wala hakukaribishwa kwa jirani. Waliomkubali walikuwa ni wale wenye chapa kama yake. Huko Japani wapo walioifunika mistari ya adhabu kwa michoro mikubwa ya majoka na maua, na michoro hiyo, miaka ilivyopita, ikawa fahari ya magenge ya yakuza. Tunalikumbusha hili kwa sababu bado wapo wanaosema mikutanoni kwamba wezi watiwe alama wajulikane.

Katika kambi na magereza ya Umoja wa Kisovieti lugha hiyo ya wino ilipanuka ikawa kama faili la mtu. Nyota zilizochorwa juu ya magoti zilisema kwamba mwenye nazo hampigii yeyote magoti. Kanisa lenye kuba lilihesabiwa kuba zake, nazo zikatoa idadi ya vifungo alivyotumikia. Mfungwa aliyeingia chumba kipya hakuhitaji kujieleza. Alivua shati, na wenzake wakasoma amekaa wapi, kwa kosa gani, na ana cheo gani mbele ya wezi wenziwe. Kwa kuwa michoro hiyo ilikuwa cheo, aliyejichora asichostahili aliulizwa mbele ya wote, na akishindwa kujibu alilazimishwa kuitoa kwa wembe au kwa kipande cha kioo, pamoja na ngozi yake. Wengine walichorwa kwa nguvu, kwa deni la kamari au kwa kuwadhalilisha, na alama hiyo ikawatangaza kuwa watu wa chini popote walipohamishiwa. Kwa hiyo hata mahali ambapo tatuu zilikuwa na kanuni kali, zipo alizojichagulia mtu na zipo alizobandikwa, na kwa macho tu huwezi kuzitenga.

Barani kwetu mfano mzito zaidi uko Afrika Kusini. Magereza ya huko yana magenge matatu yanayojulikana kwa namba: 26, 27 na 28. Chimbuko lake huhusishwa na Mzuzephi Mathebula, maarufu kwa jina la Nongoloza, mzaliwa wa Zululand ambaye mwishoni mwa karne ya 19 aliongoza kundi la wanyang'anyi kandokando ya Johannesburg, wakati migodi ya dhahabu ilipokuwa ikivuta vijana kutoka kila upande. Yeye na watu wake walipofungwa, utaratibu wao uliingia nao gerezani, ukiwa na vyeo kama vya jeshi na mahakama kama za serikali, na haukutoka humo hata baada ya mwenyewe kufa. Mapokeo yao hugawa kazi hivi: 26 hutafuta mali kwa ujanja, 27 husimamia sheria za magenge na kulipiza kwa damu, 28 hujidai wapiganaji wa maslahi ya wafungwa, nao wana sifa mbaya ya kuwageuza wafungwa dhaifu kuwa "wake" zao. Namba hizo huchorwa mikononi, vifuani, shingoni, na pengine usoni, mahali ambapo mwajiri hawezi kutoziona.

Hata hivyo, mfungwa mgeni anapoingia na namba yake mwilini, wenye namba hawamkumbatii. Humhoji. Huulizwa kwa lugha yao ya siri, iitwayo sabela: habari za Nongoloza, safari zake, wenzake, sare wanazodhania walivaa, na maneno ambayo hupewa tu yule aliyepitishwa katika hatua za genge. Mahojiano hayo huweza kuchukua muda mrefu, na mwenye wino bila majibu hulipa kwa mwili wake. Hapo tunapata jambo ambalo mlinzi wa mtaa anapaswa kulizingatia kuliko yote yaliyomo katika makala haya. Genge lenyewe, lililoubuni mchoro, halikubali kwamba mchoro ni ushahidi. Wahalifu wa Urusi hawakuukubali, na wa Afrika Kusini hawaukubali. Sisi tusiojua lugha yao tutaukubali kwa msingi gani?

Ugumu huongezeka pale mchoro mmoja unapobeba maana nyingi. Chozi lililochorwa chini ya jicho, katika magereza ya Marekani, laweza kumaanisha kwamba mwenye nalo aliua. Laweza pia kumaanisha kwamba aliuawa mtu wake, au kwamba amekaa kifungoni muda mrefu. Nukta tatu kwenye mkono, miongoni mwa vijana wa asili ya Amerika ya Kilatini, husimama badala ya maneno ya kusifia maisha ya vurugu. Nchini Ufaransa nukta tatu hizohizo zilitumiwa na wafungwa kuonyesha chuki yao kwa polisi. Nukta tano, nne pembeni na moja katikati, husomwa na wengi kuwa ni mtu aliye peke yake kati ya kuta nne. Utando wa buibui kwenye kiwiko ulikuwa hesabu ya miaka ya gereza, lakini leo huchorwa na kijana yeyote aliyeuona kwa mwanamuziki akaupenda. Anayejifunza maana hizi kwenye intaneti na kuzileta mitaani Gisenyi huwa kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba ya Los Angeles akajaribu kufungulia mlango wa jirani yake.

Yapo pia yaliyotokea pale dola lilipoamua kuusoma wino. Magenge ya MS-13 na Barrio 18 yalianzia Los Angeles, nchini Marekani. La kwanza liliundwa miaka ya 1980 na vijana waliokimbia vita vya El Salvador. Wanachama waliporudishwa makwao walikwenda na michoro yao, na kwa miaka kadhaa herufi na namba kwenye nyuso zao zilitisha mitaa mizima. Kuanzia mwaka 2003 serikali ya El Salvador ilianza kuwakamata watu kwa kuangalia michoro, pamoja na mambo mengine. Magenge yakaelewa upesi. Viongozi wakawakataza wanachama wapya kujichora mahali panapoonekana, na tangu hapo aliye hatari zaidi huenda asiwe na nukta hata moja mwilini. Waliobaki na nyuso zilizochorwa ni wa zamani, wengi wao wakiwa wamezeeka, wamefungwa, au wameacha. Japani nako, baada ya sheria ya kupambana na magenge ya mwaka 1992, michoro mikubwa ya mwili mzima ilianza kuonekana mzigo kwa yakuza wenyewe.

Tarehe 27 Machi 2022 El Salvador ilitangaza hali ya dharura, na kufikia mwanzo wa mwaka 2025 watu zaidi ya 80,000 walikuwa wamekamatwa. Mauaji yalipungua sana. Hilo halikanushwi, na wananchi wengi wa huko wameifurahia nafuu hiyo. Lakini Rais Nayib Bukele mwenyewe alieleza mwaka 2024 kwamba watu wapatao 8,000 waliokuwa wamekamatwa wameachiwa kwa kukosa hatia. Mnamo Machi 2025 Marekani iliwapeleka katika gereza kubwa la nchi hiyo raia wa Venezuela zaidi ya 200, ikiwatuhumu wengi wao kuwa wa genge la Tren de Aragua, na kwa baadhi yao tatuu zilikuwa sehemu ya ushahidi uliotajwa. Mmoja wao alikuwa msanii wa kupamba nyuso, aliyechora taji juu ya majina ya mama na baba yake. Wataalamu wanaolifahamu genge hilo walieleza kwamba halina mchoro wa kujitambulisha. Watu hao walikaa gerezani miezi minne kabla ya kurudishwa kwao mwezi Julai.

Turudi Rubavu. Wilaya yetu imesumbuliwa miaka ya karibuni na vijana waliojipa, au waliopewa, jina la "Abuzukuru ba Shitani", yaani wajukuu wa shetani. Kila mkazi ajua walivyojulikana: ni kwa kuvizia wapita njia gizani, kupora simu na fedha, na kujeruhi kwa visu na mapanga. Jina hilo limefanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na tatuu. Linatisha kabla mwenyewe hajafika. Linamfanya mtoto wa mtaani asiye na ubini ajione ana ukoo, hata kama babu wa ukoo huo ni Ibilisi. Ukilifahamu hilo utaona kwa nini kumsaka kijana kwa mchoro wake si njia ya kuwapata. Wanaokamatwa na kufikishwa mbele ya sheria hufikishwa kwa matendo: simu iliyoibwa ikapatikana, panga, jeraha, shahidi aliyesema saa ngapi na mahali gani.

Kwa upande wa Goma na milima iliyo nyuma yake lipo jambo jingine linalohitaji maelezo, nalo ni chale za vita. Waasi wa Simba wa mwaka 1964, huko mashariki mwa Kongo, walichanjwa kifuani na kwenye paji la uso, wakapakwa dawa waliyoamini kwamba ingegeuza risasi kuwa maji. Vikundi vya Mai-Mai vilivyofuata vilirithi imani hiyo, na jina lao lenyewe latokana na maji hayo. Miongoni mwa waliochanjwa wamo watoto ambao hawakuulizwa. Mtoto wa namna hiyo akitoroka, kovu hubaki likimsemea maneno asiyotaka kuyasema. Na kama likionekana na askari wa upande wa pili, au na raia waliofiwa, laweza kumgharimu uhai. Nchini Sierra Leone, katika vita vya miaka ya 1990, waasi wa RUF waliwachora baadhi ya watoto waliowateka herufi za kundi lao kifuani kwa kusudi hilohilo, ili waogope kukimbilia nyumbani. Alama ilikuwa pingu.

Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, gereza la Munzenze lilivunjwa na maelfu ya wafungwa wakatoka. Si vigumu kuelewa kwa nini, baada ya habari kama hiyo, mtu mgeni mwenye makovu au mwenye wino shingoni hutazamwa kwa jicho la pembeni upande huu wa mpaka. Hofu ya wananchi ina sababu, na polisi hawaidharau. Lakini mtoro wa gereza na mtoto aliyemtoroka kamanda wake waweza kuwa na alama zinazofanana. Yule wa kwanza huhitaji kukamatwa. Huyu wa pili huhitaji ulinzi. Kuwatofautisha ni kazi ya upelelezi na ya wataalamu wa ulinzi wa mtoto, na haiwezi kufanywa barabarani na watu kumi wenye tochi na fimbo.

Je, polisi basi hawana haja na tatuu? Wanayo, tena kubwa. Alama ya mwilini husaidia kujibu swali la "huyu ni nani?". Ziwa Kivu likimtoa mtu asiye na kitambulisho, jina lililochorwa mkononi mwake laweza kuifikisha familia yake kwenye maziko. Aliyeporwa usiku akikumbuka kwamba mkono ulioshika kisu ulikuwa na mchoro, ameipa kesi jambo la kufuatilia. Hapo tunamwomba shahidi aeleze alichokiona tu: mkono wa kulia au wa kushoto, juu ya kiwiko au chini yake, rangi, ukubwa, herufi kama zipo. Asitafsiri. "Alikuwa na namba mkononi" ni ushahidi. "Alikuwa na alama ya genge" ni maoni, na maoni hayo huweza kumpotosha mpelelezi tangu siku ya kwanza. Swali la pili, "huyu amefanya nini?", tatuu haijui kulijibu. Tena tunawasihi wananchi wasisambaze picha ya mwili wa mtu kwenye makundi ya WhatsApp wakimwita jambazi. Picha hiyo hufika kwa mshukiwa kabla ya kufika kwetu, na kama mtu huyo hana kosa, hakuna atakayeifuta kwenye simu zote ilikofika.

Kwa wazazi tuna neno refu kidogo. Kijana arudiye nyumbani na mchoro mpya mara nyingi amemwiga mchezaji wa mpira, au amemwomboleza rafiki, au amependa tu. Kumpiga na kumfukuza ni kumsukuma kwa wale watakaomsifia. Kaa naye, umuulize kwa utulivu: ulichorwa wapi? na nani? sindano ilikuwa mpya, au mlitumia moja watu watatu? Swali hili la mwisho ni la afya, na sisi hulitanguliza, maana sindano ya kushirikiana huweza kubeba VVU na virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na kifaa kichafu huweza kuleta pepopunda. Rwanda ilianza mwaka 2018 mpango wa kutokomeza homa ya ini aina ya C. Itakuwa hasara kuirudisha kwa mlango wa uani. Mpeleke kituo cha afya apimwe, na wala usimwache ajaribu kuutoa mchoro kwa pasi ya moto, kwa asidi ya betri au kwa wembe. Tatuu huondolewa kwa mionzi ya leza chini ya uangalizi wa daktari wa ngozi, polepole na kwa gharama. Anayejichoma hubaki na kovu baya kuliko mchoro.

Ndipo ufike kwenye maswali mengine. Nani mwingine ana mchoro kama huu? Ulilipia, au ulichorwa bure? Ungeweza kukataa? Mtoto mmoja mwenye mchoro wa simba si habari. Watoto watano wa mtaa mmoja waliochorwa kitu kilekile wiki moja, na mtu mzima ambaye hamtaki kumtaja, hiyo ni habari. Hasa ikiwa imeambatana na fedha au simu zisizo na maelezo, kutolala nyumbani, na woga wa kupita njia fulani. Kinachotushtua hapo ni mtu mzima anayekusanya watoto, na mchoro umetusaidia tu kumwona. Mzazi anayekuja kutueleza jambo la namna hiyo asiogope kwamba mwanawe ndiye atakayekuwa wa kwanza kufungwa. Tunamtafuta aliyeshika sindano.

Wapo hatimaye waliorudi. Katika gereza la Rubavu, pale Nyakiriba, kama katika magereza yetu yote, mahabusu anayesubiri hukumu huvaa nguo za waridi, na aliyehukumiwa huvaa za rangi ya machungwa. Siku ya kutoka, nguo hiyo huvuliwa na kubaki ndani ya geti. Sheria imekusudia hivyo: aliyemaliza adhabu ameimaliza. Mwenye mchoro alioupata kifungoni, hapa au nchi nyingine, hawezi kuuvua getini. Aweza kuwa fundi seremala mzuri aliyefunzwa humo, au kijana aliyejifunza ushonaji katika kituo cha Iwawa, kile kisiwa cha Ziwa Kivu kilichoko Rutsiro. Lakini mwenye karakana akiona kidole chenye nukta humwambia nafasi zimejaa. Mwenye karakana ana haki ya kulinda mali yake. Amuulize cheti cha mafunzo, amuulize mdhamini wa mudugudu, ampe kazi ya majaribio ya mwezi mmoja. Akimkataa kwa sababu ya ngozi peke yake, ajue kwamba yuko mwingine atakayempokea kwa sababu ya ngozi hiyohiyo, na huyo hahitaji seremala.

Kwa walinzi wa irondo na vijana wa kujitolea maagizo ni mepesi. Hakuna ruhusa ya kumvua mtu shati ili kutafuta michoro, wala ya kumpiga kwa sababu imeonekana. Mtu anayetiliwa shaka usiku huulizwa kitambulisho, atokako na aendako; akiwa na silaha, mali asiyoweza kuieleza, au akitambuliwa na aliyemtendea kosa, hukabidhiwa polisi mara moja, pamoja na jina la shahidi na saa ya tukio. Namba ya dharura ni 112, na kuipiga hakutozwi pesa. Mwananchi anayeona kwamba ofisa wa polisi mwenyewe amemdhulumu, iwe ni kwa tatuu yake au kwa jambo jingine, apige 3511.

Na kama mgeni aliyesimamishwa ni mtoto mwenye chale kifuani, asihojiwe mbele ya watu kuhusu alikozipata. Apewe mahali pa kukaa na kitu cha kula, na kiongozi wa mudugudu aite polisi wamchukue usiku uleule.